Spika Iliyozikwa Bofa

Shangazi yangu wa Kilifi alikuwa na redio ya taa. Ndivyo tulivyoziita zile redio kubwa za zamani, za sanduku la mbao, ambazo ndani yake mna vigloba vya kioo vinavyowaka rangi ya kaa la moto. Ukiiwasha haisemi papo hapo. Hungoja kwanza ipate joto, kama mtu mzima anayeamshwa: ajinyooshe, akohoe, ndipo aseme neno. Mumewe, marehemu, aliinunua alipokuwa kibarua wa kiwanda cha korosho, na alipofariki shangazi aligawa nguo zake zote, akagawa na baiskeli, lakini sanduku lile alilitandikia kitambaa cha kufuma akaliweka sebuleni, pale ambapo angekaa mwenye nyumba.

Majina sitayataja. Makosa nitayasema yalikotoka, maana watu wa ukoo wetu wamenyamaza miaka mingi ati kulinda heshima, na heshima yenyewe wamewalindia wasiokuwa nayo.

Mkosaji wa kwanza ni muuza dawa mmoja aliyekuwa akitandika mkeka wake sokoni. Shangazi aliumwa na sikio la kulia. Yule bwana akachemsha mafuta na vitu alivyovijua mwenyewe, akamtia yakiwa bado moto. Kisha, ati kwa kinga, ili ugonjwa usihame, akalitia na la kushoto lililokuwa zima. Shangazi mwenyewe alikuwa akisimulia kwa kucheka. "La kulia liliumwa, la kushoto likalipwa ili lisione wivu." Akacheka, lakini hakusikia tena kama watu wanavyosikia. Ukimpigia ukelele karibu na shavu hupata maneno mawili matatu, kisha hukasirika, kwani nani apendaye kukaripiwa kutwa nzima hata kama anakaribishwa chai? Basi watu wakamwacha. Wakija nyumbani wanampa mkono, wanaubusu wake, wanakaa wakizungumza wao kwa wao, naye yupo katikati akitazama midomo kama mtu anayetazama ngoma kwenye ng'ambo ya maji.

Mimi nilikuja kwake katikati ya miaka ya themanini, nikitoka Malindi kwa mume. Mume wangu alikuwa fundi wa redio. Hodari, hilo simnyimi. Kazi nilijifunza kwake kwa kumshikia tochi na kumpa vyuma, maana skuli mimi niliishia darasa la nne. Kovu hili nyuma ya mkono wangu wa kulia ni la chuma chake cha kulehemu, na siku ile chuma hakikuponyoka. Niliondoka. Baba yangu aliniambia nirudi nikavumilie, na hilo pia naliandika, maana wenzangu waliorudi wakavumilia nimehudhuria hitima zao. Sikuchukua godoro wala sufuria. Nilichukua spika mbili mpya za Kijapani kutoka rafuni pake, zile za redio kaseti, pamoja na bisibisi na chuma kilekile, nikashuka Kilifi.

Shangazi hakuuliza mengi. Nilimshika miguu, "Shikamoo shangazi," naye akasoma mdomo wangu, "Marahaba mwanangu." Akauona mkono. Akauliza kwa ile sauti kubwa ya wasiojisikia:

"Nani?"

Nikamwonyesha kidole cha pete.

Akaushika mkono, akaugeuza, akapuliza lile kovu kana kwamba bado ni bichi. "Basi," akasema, "hapa ndipo kwenu." Maneno hayo yalisikika mitaa miwili.

Asubuhi yake nilimkuta amekaa kwenye kigoda sebuleni, shavu amelilaza juu ya sanduku la redio, macho amefumba. Redio inawaka. Ule mwanga wa manjano unatokea kwenye kioo cha mbele, penye majina ya miji ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuifikia. Nikasimama mlangoni nisikilize habari. Hapakuwa na habari. Hapakuwa na muziki, wala hata ule mkwaruzo wa redio iliyopotea njia. Nikazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Kimya.

Shangazi alipofumbua macho alinitazama kwa aibu, kama mtu aliyekutwa akilia.

"Nilikuwa nikiisikia kidogo," akasema. "Wakisema na mimi watu, siambulii kitu. Lakini nikilaza shavu hivi nilikuwa namsikia yule kijana wa habari. Hata mafua yake nilikuwa nayajua. Sasa tangu mfungo hata yeye simsikii. Ndiyo basi. Mungu amekichukua kilichobaki."

Nikaelewa, na moyo ukanichoma. Redio ilikuwa bubu, naye hakuna aliyemwambia. Aliwasha kila siku, taa zikawaka, akaweka shavu, na kila siku akaondoka pale akijua kwamba kiziwi amekuwa kiziwi kamili.

Nikaifungua kwa nyuma. Nilichokiona kilinifanya nitukane, na sioni haya, hakuna aliyesikia. Mahali pa spika palikuwa tundu tupu, la duara, kubwa kama mdomo wa chungu cha wali. Waya zilikuwa zimekatwa kwa kisu, ncha zake zimefungwa plasta ya kidonda. Na taa moja, ile ya mwisho inayosukuma sauti, ilikuwa ikiwaka nyekundu kupita kiasi, kama mtu aliyebeba mzigo akakosa pa kuutua. Nikazima haraka. Angeendelea kuiwasha hivyo, hata hiyo ingekufa.

Spika yenyewe haikunitisha, nilikuwa na mbili. Kilichonitisha ni transfoma. Kwenye redio ile, transfoma ilikuwa imefungwa mgongoni mwa spika, kipande cha chuma kizito cha ukubwa wa sabuni ya mche iliyokatwa. Aliyeondoka na spika ameondoka nayo. Na transfoma ndiyo mshenga. Redio ya taa ina umeme mkali. Spika ina waya mwembamba kama unywele wa mtoto. Huwezi kuwakutanisha hivihivi. Lazima awepo wa katikati, aupokee ule ukali upande huu, autoe upole upande wa pili. Ukimwondoa mshenga, ndoa inaungua siku hiyohiyo.

Nani amechukua? Nyumba ile ilikuwa na mwanamume mmoja tu aliyeingia na kutoka: binamu yangu, mtoto wa pekee wa shangazi. Alikuwa na kibanda cha vinyago Bofa, njiani watalii wanapotoka hotelini kwenda ufukweni. Nikavaa buibui nikaenda kwa miguu.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha turubai, anapepea twiga wa mbao kwa gazeti. Mimi namwita kaka, ni mkubwa kwangu.

"Kaka, spika ya redio ya mama iko wapi?"

"Salamu kwanza, mwanamke. Au Malindi hawasalimiani siku hizi?"

"Salamu aleikum. Spika iko wapi?"

Akacheka. "Watu wakiachwa hurudi kwao na sanduku la nguo. Wewe umerudi na bisibisi."

"Sikuachwa, nimeacha. Iko wapi?"

Akatazama huku na huku, kisha akanionyesha kwa kidole cha mguu mahali pa kuingilia kibandani. Palikuwa na mchanga uliopigwapigwa, na mkeka mdogo juu yake.

"Hapo."

"Hapo wapi?"

"Chini. Imezikwa."

Nikadhani amelewa. Akaniambia kwa sauti ya chini, kwa uzito kabisa, kwamba biashara ilikuwa imekufa, watalii wanapita kama upepo, wanaingia kibanda cha jirani yake. Akaenda kwa mganga. Mganga akamwambia anakosa mvuto, atafute sumaku kubwa iliyowahi kukaa ndani ya nyumba yake, iviringwe, isomewe, izikwe kizingitini. Naye sumaku kubwa aliijua moja tu. Nyuma ya kila spika pana sumaku. Akaikata na kwenda nayo nzima, na mganga akaiviringa kaniki, juu akaitia mfuko wa nailoni, akaisomea.

"Na wateja wamevutwa?"

"Msimu haujachanganya."

"Tangu mfungo, hata mmoja?"

"Juzi ameingia Mjerumani."

"Akanunua nini?"

Akageuza uso upande wa bahari. "Aliuliza choo."

Nilimwambia achimbue. Akasema haichimbuliwi, bahati itatoka na kwenda kwa jirani, tena msimu unaanza. Nikamwambia kuhusu mamake, jinsi anavyokaa na shavu juu ya sanduku. Hapo akanijibu neno ambalo sijamsamehe hata leo, na sasa ana wajukuu: "Yule hasikii, bwana. Redio ikisema, isiseme, kwake kuna tofauti gani? Mimi nilimwachia taa zinawaka, zimfariji."

Zimfariji!

Nikarudi nyumbani sijui nimwambieje. Kwa midomo alisoma salamu na maneno mafupi tu, kuandika mimi na yeye wakati ule sote ni wa kupapasa. Mwisho nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya redio, nikauingiza mkono wake kwenye lile tundu. Akapapasa. Akapapasa ukingo wake, akazigusa zile ncha za waya zenye plasta. Alikuwa mke wa mtu aliyeifungua redio ile kila Ijumaa kuipangusa vumbi. Alijua kilichokuwa kikikaa pale.

"Haimo," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haimo!" Akanishika mabega, uso wake wote umefunguka. "Kumbe si masikio! Mwanangu, kumbe si mimi!"

Nilidhani atauliza mwizi ni nani. Hakuuliza. Kwanza alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi kwa ncha ya leso, akacheka tena. Jirani yetu, mama wa Kigiriama aliyetoka Ganze na kuuza makaa pale nje, akachungulia kuona kama kuna msiba. Baada ya hapo ndipo shangazi akaniangalia kwa jicho moja. "Ni yule wangu, siyo?"

Akavaa buibui.

Bofa tulifika jua limepanda. Binamu alipomwona mamake akasimama, akaanza kuita "Karibu mama, karibu kivuli," akijua hasikiwi. Shangazi hakumjibu. Nilimwonyesha mahali. Akaukunja mkeka, akauweka kando, akakaa juu ya kizingiti chenyewe, miguu ameinyoosha ndani ya kibanda, mgongo nje, akafungua kikopo chake cha tambuu akaanza kutafuna.

"Mama, inuka, watu wanapita!"

Akatafuna.

"Mwambie," binamu akanigeukia, "mwambie anafunga mlango."

"Mwambie mwenyewe, ni mamako."

Akainama, akaliweka domo lake karibu na shavu la mamake. "MAMA! UNAZIBA! MVUTO!"

Hilo la mwisho lilimfikia. Shangazi akageuka polepole. "Mvuto?" akasema kwa sauti iliyokwenda mpaka hotelini. "Nani aliyekuvuta wewe kutoka tumboni ukaja duniani, ukiwa umetanguliza miguu? Sumaku ni mimi. Unataka kuzika sumaku hapa, nizike mimi."

Wachuuzi wa vibanda vya jirani walikuwa wameshajaa. Mmoja akasema, "Mzee, chimba, hiyo radhi ya mama haina mganga." Watalii wawili wazee, mume na mke, wakasimama kutazama yule bibi aliyekalia mlango, wakatabasamu, wakamwamkia kwa Kiswahili chao cha "jambo jambo". Shangazi akawapungia mkono kama mwenye hoteli. Wakaingia kwa kumruka miguu, wakatoka na ngalawa ya mbao. Kibanda kizima kikapiga kelele. Binamu alitazama ngalawa ikienda, akamtazama mamake, akachukua kifuu cha nazi akaanza kuchimba.

Ilitoka imefungwa vizuri, na hilo namshukuru mganga, sina budi. Ule mfuko wa nailoni na ile kaniki vilizuia chumvi. Karatasi ya spika ilikuwa imeoza, mende wameifanya nyumba, lakini transfoma ilikuwa kavu, ina kutu juujuu tu. Niliifungua palepale kwa bisibisi. Sumaku nikamrudishia binamu, nikamwambia azike akitaka. Akazika. Mpaka leo sijui kama ipo.

Basi nikaanza kazi, na kazi ile nilitaka iwe nzuri kupita zote nilizowahi kushikia tochi. Nilichonga ubao wa kasha la chai uzibe tundu la zamani, nikatoboa matundu mawili, nikaweka spika zangu mbili za Kijapani ubavu kwa ubavu. Moja ingetosha kusema. Mbili zingesema kwa kifua. Nikafuata kila nilichofundishwa. Mume wangu alikuwa akisema spika haitaki kugusa mbao, ikigusa inatetema na sauti inapata uchafu. Nikakata tyubu ya baiskeli, nikazungushia mpira kila ukingo, nikatia vipande vya mpira chini ya kila skrubu. Nikapasua mto wa sufi, nikaijaza sufi ndani ya sanduku ili sauti isizunguke humo kama nyuki. Nikalehemu transfoma kwa kile chuma. Chuma hakina kosa.

Watu walikuja. Binamu alikuja, mama wa makaa alikuja na jembe lake la kuchotea makaa, wakaja na majirani wengine. Shangazi alikuwa ameoga, amejifukiza udi, ameweka asumini nyweleni kama anayengoja bwana harusi. Nikawasha. Taa zikajikusanya, zikawaka rangi yao ile ile, na mara sauti ikatoka.

Wallahi, ilikuwa sauti. Redio ile ya zamani ilikuwa na sauti nene yenye mafuta, lakini maneno yalikuwa yakizama humo kama nyama kwenye mchuzi mzito. Sasa kila neno lilikuja juu, limeoshwa. Palikuwa na taarabu, na mtu ungeweza kuhesabu vidole vya mpiga udi. Mama wa makaa akaachama. "Mino nadhani yuko humu ndani," akasema, akichanganya na Kigiriama chake, akazunguka nyuma kutazama. Hata binamu alitingisha kichwa.

Shangazi akakaa kwenye kigoda, akalaza shavu juu ya sanduku, akafumba macho.

Tukangoja.

Akabadilisha shavu. Akangoja tena. Nikaongeza sauti mpaka watoto wa mtaa wa pili wakaanza kucheza. Akafumbua macho, akanitafuta mimi kati ya watu wote, na nilipoona jinsi alivyojilazimisha kutabasamu nilitamani ardhi inimeze.

"Nzuri?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Naona watu wanacheza. Umefanya vizuri sana, mwanangu." Akanipiga-piga ule mkono wenye kovu. "Basi. Ni masikio."

Akaondoka akaenda jikoni. Binamu akasema, "Si niliwaambia?" Na alikuwa akisema kweli, ndiyo maana nilitamani kumpiga na jembe la makaa.

Siku zilizofuata nyumba ilijaa watu na shangazi akawa mpweke kuliko nilipomkuta. Redio yangu iliwaita majirani, wakaja kusikiliza, wakakaa sebuleni kwake, yeye akawapikia kahawa na kuwapitia na kombe za haluwa kama mtumishi wa sherehe isiyomhusu. Kile kigoda hakukikalia tena. Nilikuwa nimempa tumaini kisha nikampokonya, na hilo ni baya kuliko spika iliyoibwa.

Asubuhi moja alikuwa uani anakuna nazi, amekalia mbuzi. Mimi nachambua mchele, mama wa makaa anapima makaa yake mlangoni. Shangazi akasimamisha mkono ghafla.

"Ajabu ya Mungu," akasema. "Redio siisikii, lakini mbuzi namsikia."

Mama wa makaa akainua kichwa. "Mbuzi gani, bibi? Mbuzi mtaani hapa hakuna." Akanigeukia mimi, ameweka mkono kifuani. "Maskini, imeanza kupanda kichwani. Nyanya yangu kule Ganze alianza hivihivi, akasikia ng'ombe waliokufa na kiangazi."

"Anasaga," shangazi akaendelea, akakuna tena. "Kr, kr, kr. Mpaka kwenye meno. Jana nimemsikia, leo namsikia."

"Sasa ana meno," mama wa makaa akasema. "Mwite mwalimu amsomee."

Nilikuwa nimeshaanza kucheka pale nilipokumbuka mbuzi aliye chini yake. Nikaacha ungo, nikaenda nikaweka kiganja juu ya ule ubao alioukalia. Shangazi akakuna. Ubao ulitetemeka mpaka kwenye kifundo cha mkono wangu.

Nikaweka meno yangu juu ya ukingo wa mbuzi. Msinicheke. Nikaziba masikio yote mawili kwa vidole, nikamwashiria kwa macho akune. Nikasikia. Kr, kr, kr, ndani ya fuvu langu, masikio yamezibwa.

"Na huyu naye!" mama wa makaa akapiga kelele. "Nyumba nzima!"

Miaka yote ile shangazi hakuwa akilaza shavu ili awe karibu, kama nilivyodhani mimi, kama mwenye macho mabovu anavyosogeza kitabu. Mafuta ya yule mwanaharamu wa sokoni yalikuwa yameziba mlango, lakini ndani ya nyumba taa ilikuwa bado inawaka. Alikuwa akisikia kwa mfupa. Spika ya zamani ilipigiliwa moja kwa moja kwenye mbao, nayo mbao ikatetemeka ikampa habari kupitia taya. Na mimi, kwa ufundi wa mume wangu, nilikuwa nimeitandikia mbao mpira na sufi ili isitetemeke hata chembe. Nilichokiita uchafu wa sauti ndicho kilichokuwa chakula chake.

Sikungoja nazi iishe. Niliingia ndani nikaifungua redio, nikaing'oa ile mipira yote, nikaitupa uani. Nikavuta sufi yote nje mpaka nikakohoa. Spika nikazikaza kwenye ubao, ubao nikaukaza kwenye sanduku, skrubu juu ya skrubu, nikatia na gundi ya seremala, mpaka vitu vyote vikawa mti mmoja. Majirani wa kila siku walianza kuingia, na binamu alikuwa amekuja kula.

Nikawasha. Mtangazaji akatoka anatetema kama bati chini ya mvua. Kila anapotaja neno lenye uzito sanduku zima linanguruma, kikombe kilichokuwa juu yake kikaanza kutembea chenyewe.

"Umeiua!" binamu akasema.

"Jana ilikuwa kama kengele," jirani mmoja akalalamika. "Leo ina pumu."

"Punguza, punguza, inakwaruza meno!"

"Inakwaruza meno," nikasema, "ndivyo."

Nilikwenda jikoni nikamkamata shangazi mkono. Hakutaka. Alisema ana nazi, alisema ana moto mekoni, alisema, "Mwanangu, niache, nimeshakubali." Nikamvuta hivyo hivyo, mikono yake imejaa machicha, nikamkalisha kwenye kigoda, nikakishika kichwa chake kama cha mtoto anayenyolewa, nikalilaza shavu lake juu ya mbao.

Watu hawakunyamaza. Binamu alikuwa akinihesabia makosa yangu, kwamba nimeharibu redio ya marehemu babake, yeye wa kusema hayo. Wengine walikuwa wakibishana kama kasoro ni spika au ni taa. Mama wa makaa alikuwa akiwasimulia habari ya mbuzi mwenye meno, na wanaume wanacheka. Mimi nilikuwa nikitazama macho ya shangazi. Yalikuwa yamefumbwa. Kisha nyusi moja ikapanda. Kisha midomo yake ikaanza kwenda, polepole, nyuma kidogo ya mtangazaji, kama anayeitikia dua: mvua… wakulima… wameombwa… waanze…

Binamu akapaza sauti zaidi ili ashinde redio.

Shangazi, bila kufumbua macho wala kuinua shavu, akanyoosha mkono mmoja uliojaa machicha ya nazi akatuonyesha kidole sote.

"Nyamazeni!" akasema. "Mnapiga makelele mpaka sisikii."